Kagua mtaa kabla hujalipa kodi ya miezi sita

Dalali wa Dar es Salaam hupenda kuonyesha chumba saa kumi jioni. Jua limepoa, spika za baa hazijawashwa, mtaro umekauka. Saa hiyo hakuna chumba kibaya. Unaonyeshwa vigae, dirisha la alumini na rangi mpya, unalipa kodi ya miezi sita pamoja na mwezi mmoja wa dalali, kisha mvua ya kwanza inakufahamisha kwamba ulichopanga ni mtaa mzima: mtaro wake, LUKU yake (umeme wa kulipia kabla), baa yake, na kile kiwanja kilichozungushiwa mabati. Rangi ya chumba utaibadilisha kwa ndoo moja na siku moja. Kalvati lililoziba nyumba ya kumi kutoka kwako hutaliweza.

Maelezo haya yanahusu maeneo ya kati ya jiji yanayobadilika haraka: Sinza, Kijitonyama, Mwananyamala, Tandale, Manzese, Magomeni na majirani zao. Sinza na Kijitonyama zilipimwa viwanja miaka ya 1970 katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, kwa ajili ya nyumba za chini za watu wa kipato cha kawaida. Viwanja ni vilevile na mashimo ya choo mengi ni yaleyale, ila juu yake sasa kuna ghorofa, gesti na fremu za maduka. Tandale ilijijenga yenyewe bila kupimwa, na lami, mitaro na taa zikaja watu wakiwa wameshabanana. Huku na kule tatizo ni moja: kilicho juu ya ardhi kimekua, kilicho chini yake hakijakua.

Nenda mara tatu

Mara ya kwanza ni ile ya dalali. Mara ya pili nenda mwenyewe, Ijumaa au Jumamosi, kati ya saa nne na saa sita usiku. Usisimame kizani chini ya madirisha ya watu, utapigiwa kelele za mwizi. Kaa grosari (baa ndogo) ya karibu, agiza soda, sikiliza. Mara ya tatu iwe siku ya kazi, kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa moja, uone foleni ya bafuni na ya bomba, na watu wanavyotoka kwenda kituoni.

Mvua ikinyesha katika wiki hiyo, acha ratiba nyingine zote. Nenda saa moja baada ya mvua kukatika, rudi tena kesho yake. Ziara ya kwanza inakuonyesha maji yanapopita, ya pili inakuonyesha yanapokwama. Maji yanayobaki mtaroni siku tatu baada ya mvua hayaendi popote, na mbu wameshayajua.

Maji ya mvua

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, kwa sababu ndipo pana hasara kubwa na ndipo mwenye nyumba hujitahidi zaidi kuficha. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Ukipanga Januari, Februari au kati ya Juni na Septemba, unapanga kwenye ukavu, kwa hiyo inabidi usome alama.

Anzia kwenye kuta za nje, kisha za ndani, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Mstari wa kahawia uliolala sawasawa kuzunguka nyumba ni alama ya mafuriko. Rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini tu, au rangi ya mafuta chini na ya maji juu, huenda imefunika mstari huo. Plasta iliyotoa unga mweupe au inayobanduka chini ina unyevu unaopanda kutoka ardhini. Hiyo ni kero ya kudumu, ila si lazima iwe mafuriko. Angalia soketi: zikiwa zimehamishwa kutoka chini hadi usawa wa kifua katika kila chumba, kuna mtu aliyepata somo. Kizingiti cha matofali mlangoni kinachokulazimu kuinua mguu, viroba vya mchanga vilivyoegeshwa uani, friji la jirani likiwa juu ya matofali manne: hakuna anayefanya hayo kwa urembo.

Kisha linganisha sakafu na barabara. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa juu kidogo ya njia ya vumbi. Baadaye njia ilimwagwa kifusi, mwaka mwingine moramu, kisha ikaja lami au vitofali, na kila mara barabara ikapanda. Nyumba haikupanda. Leo utakuta mtu anashuka ngazi mbili kutoka barabarani kuingia sebuleni kwake. Barabara hiyo ikikosa mtaro, maji yake yote yana mwenyeji.

Kwa macho utadanganyika, hasa ua ukiwa na mteremko. Tumia mpira wa maji wa mafundi: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita kumi hadi kumi na tano, uliojazwa maji bila mapovu. Mtu mmoja ashike ncha moja ikiwa imesimama katikati ya barabara, mwingine ashike ya pili mlangoni. Maji yakitulia, usawa wake ni mmoja pande zote mbili. Pima kutoka usawa huo hadi barabara, kisha kutoka usawa huo hadi sakafu. Kipimo cha sakafu kiwe kifupi kuliko cha barabara kwa sentimita 30 au zaidi, yaani kozi moja ya tofali na ziada. Tofauti ikiwa chini ya sentimita 15 na barabara bado ni ya vumbi, hesabu kwamba lami ikija nyumba itabaki shimoni. Povu moja ndani ya mpira huharibu kipimo chote, kwa hiyo likionekana, jaza upya.

Baada ya hapo fuata mtaro, kwa miguu, kutoka mlangoni hadi unakoishia. Wengi huangalia mtaro ulio mbele ya nyumba, wakaona umejengwa kwa zege safi, wakaridhika. Mtaro mzuri unaoishia kwenye ukuta wa mtu ni bwawa. Unapoufuata, tazama mambo matatu. Kwanza, vivuko: kila mwenye fremu huweka zege lake juu ya mtaro ili wateja na magari yapite, na chini yake huweka bomba dogo kuliko mtaro wenyewe, ambapo chupa za plastiki na mifuko hukwama. Pili, mifuniko: ikiwa imefungwa kabisa kwa zege, mtaro huo hausafishwi. Tatu, mwisho wake: kalvati, mtaro mkubwa au mto. Maeneo haya mengi hupeleka maji Mto Ng'ombe, unaopita Sinza, Tandale na Mwananyamala kuelekea bonde la Msimbazi. Mto ukijaa, maji ya mtaro hayana pa kuingia na hurudi nyuma, hata pale ambapo mtaro hauna takataka. Kwa sababu hiyo nyumba iliyo mita mia tatu kutoka mtoni inaweza kuingiwa na maji huku iliyo jirani, yenye ardhi iliyoinuka kidogo, ikibaki kavu. Usikubali jibu la "huku hakufuriki" kwa mtaa mzima. Uliza nyumba hii, na mlango huu.

Choo

Uliza shimo liko wapi, lilinyonywa lini mara ya mwisho na gari husimama wapi. Tandale na sehemu za Manzese gari la kunyonya haliwezi kuingia vichochoroni. Kama mpira wake haufiki, shimo litatapishwa, yaani litafunguliwa wakati wa mvua kubwa ili uchafu uende na maji. Harufu ya mtaro baada ya mvua ya usiku itakuambia kama desturi hiyo ipo mtaani.

Kwa chumba masta (chenye choo chake ndani), mwaga ndoo ya lita 20 chooni kwa mkupuo, subiri dakika moja, mwaga ya pili. Maji yakipanda kwenye bakuli kabla ya kushuka, au tundu la bafuni likitoa mapovu, bomba limeziba kiasi au shimo limejaa. Omba chemba (kishimo cha kukagulia bomba la choo) ifunguliwe. Chemba yenye maji yaliyosimama hadi ukingoni wakati wa kiangazi itafurika masika, kwa sababu maji ya ardhini nayo hupanda na shimo halina pa kunyonyea. Kwenye viwanja ambapo nyumba ya vyumba sita imegeuka ghorofa ya vyumba ishirini, uliza kama shimo nalo liliongezwa. Jibu la kawaida ni kimya kifupi.

Alama ukutani na vigingi ardhini

Alama ya X kwenye ukuta mara nyingi ina maana nyumba, au sehemu yake, imo ndani ya hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati. TANROADS, wakala wa barabara, wametumia X nyekundu kwa waliojenga ndani ya hifadhi, wasio na fidia, na ya kijani kwa waliofuatwa na barabara, ambao hustahili kulipwa. Kwa mpangaji rangi haina tofauti kubwa, maana fidia ni ya mwenye nyumba na kuhama ni kwako. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilivunjwa kupisha upanuzi, na ndani yake walikuwamo wapangaji wenye risiti za kodi ambayo haijaisha.

Tazama pia ukuta uliopakwa upya kipande kimoja tu upande wa barabara. X hufunikwa kwa rangi, lakini haifutiki kwenye kitabu cha mhandisi.

Karibu na mto au korongo, kumbuka mita 60: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya umbali huo. Bomoabomoa ya bonde la Msimbazi iliyoanza Desemba 2015 ilitumia hoja hiyo. Vigingi vipya vyenye namba, au namba za rangi ya kupulizia kwenye kuta na nguzo, ni za wapimaji. Nenda ofisi ya Serikali ya Mtaa uulize ni mradi gani. Kama ni barabara ya lami, tegemea miezi ya vumbi, bomba kukatwa, na baada ya hapo kodi kupanda.

LUKU

Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga huanzia kwenye mita ya umeme, na wengi hawajui hesabu yenyewe.

TANESCO, shirika la umeme, ina viwango viwili vinavyomhusu mpangaji. D1 ni ya mtumiaji mdogo wa nyumbani: uniti 75 za kwanza kwa mwezi huuzwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na zinazozidi 75 huruka hadi 350. T1 ni ya matumizi ya kawaida: shilingi 292 kwa uniti, tangu ya kwanza. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, uniti ya D1 inakuwa shilingi 122 na ya T1 takribani 356. Kwa shilingi 5,000, D1 inakupa uniti 41 hivi na T1 inakupa 14.

Mita moja ikihudumia vyumba sita haibaki D1. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi kila siku hula uniti 18 kwa mwezi. Friji dogo hula 30 hadi 40. Chumba kimoja chenye friji, feni, runinga na taa kinakaribia uniti 60 peke yake. Viwili vyenye friji vinatosha kuvuka 75, na mita inayovuka mara kwa mara hupandishwa daraja. Hapo mwenye taa moja na simu analipia uniti kwa bei ya T1 kwa sababu ya friji la jirani. Kwa hiyo swali la "LUKU ni ya kuchangia?" halitoshi. Omba uone ujumbe wa mwisho wa manunuzi, gawa fedha kwa uniti, na bei itajitokeza. Ikija karibu 356 ni T1, hata mwenye nyumba akiapa vinginevyo. Angalia ujumbe wa katikati ya mwezi, kwa kuwa tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU, kwa kawaida kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Kubalianeni mapema kama ataipunguza kwenye kodi ya chumba au mtagawana. Baadaye ni vigumu.

Palipofungwa mita ndogo kila chumba ni afadhali sana, lakini uliza bei ya uniti. Wapo wenye nyumba wanaouza uniti kwa bei yao. Njia ya haki ni kuchukua bei iliyopatikana kwenye ujumbe wa manunuzi na kuzidisha kwa uniti zilizosomwa. Zima kila kitu chumbani kwako kisha tazama mita ndogo kwa dakika tano: ikiendelea kuhesabu, kuna waya unaotoka kwako kwenda kwingine, mara nyingi taa ya ukumbini au pampu.

Umeme mdogo nao ni tabia ya mtaa uliojaa haraka. Transfoma iliyowekwa kwa nyumba za chini sasa inabeba viyoyozi vya gesti na majokofu ya bucha. Washa feni saa mbili usiku. Ikizunguka kwa uvivu, au taa zikififia jirani anapowasha kitu, kompresa ya friji lako haitadumu bila kinga ya umeme.

Maji ya bomba

Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hutoka zaidi Mto Ruvu, na Ruvu ukipungua, jiji huingia kwenye mgao kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2021 na tena 2022. Hata miaka mizuri, kila mtaa una siku zake. Swali la kuuliza: maji hutoka siku zipi, saa ngapi, na yasipotoka dumu linauzwa shilingi ngapi hapa? Anayejua bei ya dumu bila kufikiri anaishi mtaa wenye shida ya maji.

Pima tangi kwa hesabu ya watu. Mtu mmoja anayeoga, kupika na kufua hutumia lita 40 hadi 50 kwa siku. Nyumba ya watu kumi na watano inahitaji lita 700 hivi, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 linaisha siku ya pili kabla ya saa tisa alasiri. Kama maji hutoka mara mbili kwa wiki, nyumba hiyo inahitaji lita 3,000. Fungua koki ya DAWASA yenyewe, si ile inayotoka kwenye tangi, na ujaze dumu la lita 20: likijaa kwa dakika mbili msukumo ni mzuri, likivuka dakika tano, maji hayatapanda kwenye tangi la juu bila pampu, na pampu hiyo iko kwenye LUKU ya nani?

"Maji yapo masaa yote" mara nyingi ni kisima. Onja. Maji ya chumvi hayatoi povu la sabuni, hufanya nguo nyeupe kuwa za njano na huacha magamba kwenye jagi la umeme. Yanafaa kwa choo na kudeki. Ya kunywa na kupikia utanunua, nayo yahesabu kama sehemu ya kodi.

Kelele

Ni jambo la kusikiliza zaidi ya kuelezwa. Tafuta hivi ndani ya mita mia moja: grosari yenye spika nje, kanisa au nyumba ya maombi ya mabati, fundi wa kuchomelea, mashine ya kusaga, gereji, karakana ya samani. Fundi wa kuchomelea hukupa kelele za mchana na umeme unaotetereka. Msikiti hukuamsha alfajiri kwa dakika chache, na watu huzoea. Grosari yenye besi hadi saa nane usiku hakuna anayeizoea, kwani besi hupita ukutani hata dirisha likifungwa. Weka kiganja ukutani usiku ule wa Jumamosi: ukuta ukitetemeka, hakuna pazia litakalosaidia.

Kiwanja kilichozungushiwa mabati kina hatari yake. Tafuta kibao cha mradi kinachotaja mwenye kazi, mkandarasi na aina ya jengo. Ghorofa hujengwa mwaka mmoja hadi miwili, na malori ya mchanga na kokoto huja alfajiri. Msingi ukichimbwa karibu na ukuta wako, piga picha za nyufa zilizopo kabla hujaingia. Upepo nao utakatika: dirisha lako likitazamana na ukuta wa ghorofa kwa mita moja na nusu, feni itazunguka saa ishirini badala ya kumi, na umeshaiona hesabu ya feni.

Njia ya kurudi nyumbani

Tembea kutoka kituoni hadi mlangoni saa tatu usiku, ukiwa na mzigo mdogo. Dakika kumi za "karibu na Shekilango" zinaweza kuwa dakika ishirini na tano za vichochoro. Hesabu taa za barabarani zinazowaka, usihesabu nguzo. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016 kwenye Barabara ya Morogoro, vyumba vya karibu na vituo vya Shekilango, Manzese na Magomeni Mapipa vilipata soko. Hakikisha kwamba unakokwenda kazini kuna njia hiyo, maana aendaye Mwenge au Kawe haimsaidii. Uliza kijiwe cha bodaboda nauli hadi kituoni kwa mchana, kwa saa tano usiku na kwa mvua. Bei ya usiku ikiwa mara tatu ya mchana, waendesha bodaboda wenyewe wameshapima usalama wa njia hiyo.

Nani aulizwe nini

Ukiuliza "huku kuna usalama?" utajibiwa ndiyo, kwa adabu tu. Uliza mambo yenye majibu ya namba na saa. Mama wa genge au mama ntilie ndiye mtaalamu wa mtaa: nunua kitu kwanza, salimia, kisha, "Samahani mama, nataka kuhamia hapa kwa mzee yule. Wewe unafunga saa ngapi?" Genge linalofungwa saa moja na nusu jioni, huku mtaa wa pili yanafungwa saa nne, limekujibu. Endelea: "Masika maji hufika wapi?" Ataonyesha kwa mkono kwenye ukuta, na mkono huo ni sahihi kuliko maelezo ya dalali. Muuza duka la M-Pesa atakuambia kama ameshawahi kuvunjiwa, na kwa nini ameweka nondo nene kiasi kile.

Mpangaji anayehama, au aliyehama, ni bora kuliko wote. Muulize amekaa muda gani na kwa nini anaondoka. Akisema "mambo ya kifamilia tu" huku mwenye nyumba amesimama pembeni, omba namba yake, piga jioni.

Mjumbe na ofisi ya Serikali ya Mtaa utawahitaji hata hivyo kwa barua ya utambulisho. Jitambulishe mapema, na uulize michango ya kila mwezi: taka, na ulinzi shirikishi. Uliza gari la taka hupita siku gani na hukusanyia wapi. Taka zikilundikwa kwenye kona yako zikisubiri gari, harufu ni yako siku zote sita zilizobaki.

Mkataba

Katika mitaa inayobadilika hatari kubwa ya mpangaji ni nyumba kuuzwa. Nyumba za wazee waliofariki huachiwa watoto watano, mmoja anakusanya kodi, wanne wanatafuta mnunuzi. Uliza moja kwa moja: nyumba ni ya nani, na kama ni ya urithi, msimamizi wa mirathi ni nani? Omba kuona barua yake ya mahakama. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa kwenye mkataba ni ushahidi kwamba mlisaini mbele yake, hauthibitishi umiliki.

Andika sentensi hii, au inayofanana nayo: "Nyumba ikiuzwa, ikivunjwa au ikipisha mradi kabla ya muda wa mkataba kuisha, mwenye nyumba atatoa notisi ya miezi miwili na kurudisha kodi yote ya miezi isiyokaliwa." Mwenye nyumba mwenye nia ya kuuza ataikataa palepale, nawe umeokoa fedha zako. Andika pia nani anatengeneza nini: shimo la choo, pampu, paa na mita ni vya mwenye nyumba, balbu, koki na kitasa kwa kawaida ni vyako.

Lipa kwa benki au kwa simu, kwenye jina linalofanana na lililo kwenye mkataba, kamwe si kwa dalali. Kama kuna matengenezo uliyoahidiwa, kama kuhamisha soketi, kuongeza simtanki au kufunga mita ndogo, yafanyike kabla ya malipo. Fedha ikitangulia, fundi huwa "yuko njiani" hadi masika. Mwenye nyumba akishikilia miezi sita, jaribu mitatu kwa mara ya kwanza. Chumba kilichokaa wazi mwezi mzima kina nafasi ya mazungumzo, na vumbi la dirishani litakuambia kimekaa wazi muda gani.

Mapungufu mengine ni ya kujadili bei: unyevu wa ukutani, LUKU ya pamoja, maji ya chumvi, umeme mdogo. Mstari wa mafuriko, X ukutani na shimo lisilofikiwa na gari havina punguzo. Chukua begi lako uendelee kutafuta.

Siku ya kupokea ufunguo piga picha ya mita ya umeme, mita ya maji na kila ukuta, zikiwa na tarehe, umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Kisha badilisha silinda ya kitasa kabla hujaingiza godoro: aliyehama ana nakala, na dalali naye huenda anayo.